Maji ya Mzee wa Lebu

Mzee wa Lebu hakuwa mwalimu, na hakukubali mtu amwite hivyo. Ukijisahau ukamwambia, "Mwalimu, naomba kiberiti," aligeuka kutazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia. "Mwalimu ako stafurumu," angesema, akielekeza kidole chumba cha walimu. "Hapa kuna mimi na chupa." Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara, kuchanganya dawa za majaribio, kuufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Kwa miaka mitano niliyosoma katika ile shule ndogo ya kutwa upande wa Musanda, miwa ikiwa imetuzingira hadi kwenye madirisha, sikumwona akifanya kazi nyingine wala akiitamani.

Alikozaliwa sikujua na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba alijifunza kazi hiyo akiwa kijana huko Mukumu, akiosha vioo vya daktari mmoja wa misheni, na kwamba shule yenyewe aliiachia kidato cha pili. Hakuweza kusawazisha hata mlinganyo mmoja wa kemia ubaoni. Lakini ungemletea unga mweupe usiojulikana, angechovya waya ndani yake, akautia motoni, akatazama rangi ya moto ule, akakwambia ni chumvi gani kabla hujamaliza kuvuta kigoda.

Alivaa koti la kaki lililotobolewa na asidi kuanzia kifuani hadi mfukoni. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kitenge chenye maua, kwa hiyo alipopita mstarini asubuhi alionekana kama bustani inayotembea. Wavulana walicheka. Yeye alisema ni kazi ya mke wake, kwamba mke wake ana ugomvi wa miaka mingi na asidi, na hadi sasa hakuna aliyeshinda. Mke huyo hatukuwahi kumwona. Tulijua sindano yake tu.

Alikuwa na sheria nyingi na alizivunja nyingi. Ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kula ndani ya lebu, au "rebu" kama alivyoitamka mwenyewe. Msichana mmoja aliyekutwa akitafuna muwa karibu na sinki alifukuzwa mle ndani wiki nzima. Siku moja nikafungua kabati la kukaushia vyombo nikitafuta kitambaa, nikakuta sufuria ya obusuma, ugali wa kwetu, na bakuli la mrenda, vyote vya moto, vimefunikwa kwa sahani.

"Mzee, hiki nini?"

Alilifunika vizuri lile bakuli. "Hiyo si chakula," akasema. "Hiyo ni sampuri."

Vioo vilivyovunjika alivizika. Nyuma ya lebu alikuwa amechimba shimo, na mtu akivunja chombo, aliviokota vipande kwa mikono yake mwenyewe, akavipeleka, akavifukia, Mzee akiwa amesimama kando ameshika kofia yake kifuani. Hakuwa anatania. Tulianza kucheka tukiwa mlangoni, lakini tukifika shimoni kicheko kilikuwa kimetutoka. Baada ya hapo hakukusemesha siku kadhaa, kama mtu aliyefiwa ambaye anajua ni wewe uliyesababisha.

Nilivunja chupa mbili kidato cha kwanza na bomba moja kidato cha pili. Kwa hiyo alinijua vizuri, na hakunipenda.

Kabla sijaendelea, niseme nilichokuwa nakitafuta maishani, maana bila hicho hakuna sababu ya kumkumbuka Mzee kwa uchungu namna hii. Nilitaka kuwa muuguzi. Nilipokuwa kidato cha tatu, muhula wa tatu, mama aliugua akalazwa hospitali huko Mukumu, na kwa kuwa mimi ndiye msichana mkubwa, nikaenda kumkalia. Tulikaa muhula wote. Nililala chini ya kitanda chake juu ya shuka, na mchana nilikaa nikiwatazama wauguzi. Kulikuwa na mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akipita akimfunua mgonjwa kope, akigusa shingo, akisema neno moja, na daktari akifika anakuta neno lile ndilo. Kila asubuhi nilimngoja apite kitandani kwa mama kama mtu anayengoja hukumu. Siku aliyosema, "Huyu sasa ataenda nyumbani," nilimshika mkono nikashindwa kuuachilia. Nilitaka kuwa yeye. Sikutaka kitu kingine chochote, na hadi leo sijui kutaka kitu kwa kiasi kile.

Chuo cha uuguzi kilitaka C ya Biolojia na C ya Kemia. Biolojia nilikuwa nayo. Kemia nilikuwa na E.

Nilirudi shule Januari nikaanza upya kidato cha tatu pamoja na watoto walionizidi kelele. Mama alikuwa hai lakini hana nguvu, kwa hiyo palizi ya miwa ilikuwa yangu kabla ya kengele na baada yake. Kufika muhula wa pili, mwalimu wetu wa kemia alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Tulingoja. Kipindi cha kemia kikawa kipindi cha kukaa na kutazama ubao mtupu. Wenye akili wakahamia masomo mengine, tukabaki kumi na tisa, wengi wetu wakiwa wale ambao hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Mwanzoni mwa kidato cha nne, wakati wa kujiandikisha kwa mtihani wa kitaifa, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa haraka, aliyeongea huku akitia sahihi karatasi.

"Msichana, kemia tutakutoa. Utafanya kilimo."

"Mwalimu, chuo kinataka kemia."

"Na mimi nataka wastani wa shule usishuke. Wewe kemia haikujui na wewe huijui. Nenda."

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya lebu, pale kwenye kaburi la vioo, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo watu hawakupita. Nililia kwa sauti. Mzee wa Lebu akatokea mlango wa nyuma na ndoo yake, akasimama, akanitazama kana kwamba nimevunja kitu kingine.

"Nini tena?"

Nikamweleza. Sikumweleza kwa sababu nilidhani atasaidia. Nilimweleza kwa sababu alikuwa pale.

"Machozi ni maji na chumvi," akasema. "Hiyo tuko nayo mingi kwa kabati. Inuka, mukhana." Mukhana, yaani msichana, ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo.

Akaweka ndoo chini, akaenda ofisini vilevile alivyo, na koti lake la maua. Nilimfuata kwa mbali nikasimama chini ya dirisha. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, huyu mtoto anajua kuosha."

"Kuosha nini?"

"Vyombo. Amenivunjia tatu, lakini ile anaosha inatakata. Mtu akijua kuosha, ile ingine anaweza kujua."

Mwalimu Mkuu alicheka hadi akakohoa. Nadhani ni kile kicheko kilichoniokoa, wala si hoja yenyewe. Jina langu likabaki kwenye orodha ya kemia.

Kuanzia siku hiyo, kila saa ya chakula cha mchana Mzee alinifungulia lebu. Nusu saa ya kwanza niliosha. Nusu saa ya pili alinipa bureti, ile neli ndefu ya kioo yenye mistari ya vipimo, na chupa ya dawa ya zambarau tuliyoiita pamanganeti. Kazi ilikuwa kudondosha zambarau ndani ya maji ya madini ya chuma, tone kwa tone. Zambarau inaingia na kupotea, inaingia na kupotea, halafu lipo tone moja ambalo halipotei, maji yote yanageuka waridi hafifu. Hapo unafunga na kusoma ni kiasi gani umetumia. Ukipita kwa tone moja umekosa. Ukirudia mara tatu, vipimo vitatu lazima vikubaliane.

"Usiangalie mkono," alikuwa akiniambia. "Mkono wako haiendi mahali. Angalia rangi."

Nadharia niliisoma kutoka kitabu kilichopoteza jalada, kurasa mbili mbili nikizitia mfukoni shambani. Siku za kuchoka sana nilizisoma mara tano bila kuelewa neno. Mtihani wa majaribio wa muhula wa pili nilipata D na alama ya kujumlisha. Siku ile sikula. Nilienda lebu nikamwambia Mzee kwamba naacha. Alinipa kitambaa cha kukaushia, akaniambia kuna neli kumi na mbili kwenye sinki. Nilizikausha zote nikilia, na nilipomaliza akaniwekea bureti mbele. Nilipima mara tatu, vipimo vikakubaliana vyote. Alitazama, akaguna, akaenda kula sampuri yake.

Mtu huyu asiyejisifu kwa lolote alijisifu kwa maji. Kuchanganya dawa za mtihani kunahitaji maji safi kabisa, yasiyo na chumvi wala kutu, na mtambo wa kuyatengeneza shuleni kwetu ulikuwa umeharibika zamani. Kwa hiyo Mzee alitumia mvua. Huko kwetu mvua huja karibu kila alasiri, lakini yeye hakuyachukua maji ya kwanza. Alisimama chini ya mchirizi wa paa, mkono nje, akiacha mvua iyaoshe mabati kwanza, na hakusogeza chombo hadi maji yaliyoanguka kiganjani yawe hayana rangi wala ladha. Alikuwa na chupa moja kubwa ya kioo ya kuyahifadhi, kubwa kama mtoto wa miaka mitatu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. "Maji yangu haijawahi kuaibisha mtu," alikuwa akisema.

Wiki moja kabla ya mtihani aliivunja chupa hiyo mwenyewe. Aliteleza nayo kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki. Nilimkuta nyuma ya lebu akiifukia peke yake, kofia kifuani, nikasimama kando yake hadi akamaliza.

Nyumbani kwake akachukua mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa nchi ya miwa halihitaji kuelezwa. Mitungi ya kwetu yote huanza maisha kwa kubeba molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa, ambao watu huwapa ng'ombe. Hakuna nyumba isiyo na mtungi wa namna hiyo. Mzee alijua hilo. Aliuosha kwa majivu, kwa maji ya moto, kwa mchanga, akauanika juani siku tatu, akaunusa asubuhi na jioni. Aliniita na mimi niunuse. Haukuwa na harufu yoyote. Mvua ikanyesha, akakinga maji yake kwa utaratibu uleule.

Asubuhi ya mtihani, saa kumi na mbili, alikoroga pamanganeti kwa maji hayo. Kwa kuwa hatukuwa na mwalimu wa kemia, Mwalimu Mkuu, aliyewahi kuifundisha zamani, ndiye aliyepima kipimo cha shule, kile kinachotiwa ndani ya bahasha pamoja na karatasi zetu ili wasahihishaji walinganishe. Alipata ishirini na mbili na kitu. Akaandika, akaenda kunywa chai.

Sisi tuliingia saa tatu.

Kipimo changu cha kwanza kilikuwa ishirini na nne. Nikasema nimekosea. Cha pili, ishirini na tano na nusu. Nikasafisha kila kitu upya, nikaangalia rangi kama nilivyofundishwa, nikapata karibu ishirini na saba. Nilitazama bureti. Ndani ya kioo, juu ya zambarau, palikuwa na utando wa kahawia. Nilitazama benchi la mbele, nikamwona mvulana anafuta karatasi yake kwa kifutio hadi inachanika. Kila mtu alikuwa anafuta. Hakuna vipimo viwili vilivyokubaliana chumba kizima.

Nikainua mkono. Msimamizi wa mtihani, mwalimu kutoka shule nyingine, mwanamke mfupi mwenye miwani, akaja.

"Madam, hii dawa inabadilika."

"Fanya kwa ulichopewa," akasema kwa upole. Hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi.

Nikatazama kwenye kidirisha cha chumba cha nyuma, ambako Mzee huwa anakaa wakati wa mtihani. Alikuwa amesimama ananitazama. Nikainua bureti kidogo ili aone. Aliona. Nilimwona anageuka, anauinua ule mtungi hadi usawa wa macho, anautikisa. Kisha akatazama mkono wa mtungi, ule mpini wa juu wa kushikia. Mpini wa mtungi una uwazi ndani. Nilielewa wakati uleule alipoelewa yeye. Majivu, mchanga na jua vilikuwa vimefika kila mahali isipokuwa humo.

Sukari huila pamanganeti polepole. Alfajiri dawa ilikuwa na nguvu, kufika saa tatu ilikuwa imeshalegea, na ilikuwa inaendelea kulegea tukiwa tunaipima. Kipimo cha Mwalimu Mkuu kingesema ishirini na mbili, na sisi kumi na tisa wote tungeonekana hatujui kitu.

Muda ulipoisha nilitoka nikakaa kwenye kibaraza cha lebu. Wengine walitawanyika. Nilikuwa naiona ile C ikiondoka. Niliona jembe, niliona miwa, niliona mama akijaribu kunifariji. Ndani, msimamizi alikuwa anapanga karatasi zitiwe kwenye bahasha, na Mwalimu Mkuu yuko naye. Mzee akatoka chumba cha nyuma ameshika mtungi mkono huu na panga mkono ule.

"Madam," akasema, "kabla ufunge hiyo bahasha. Maji ni mbaya."

"Mzee, toka nje," Mwalimu Mkuu akasema.

Mzee aliuweka mtungi mezani akaukata mpini kwa panga. Niliona kupitia dirishani. Uji mweusi ukachuruzika mezani, kidogo tu, kama kijiko cha chai.

"Hawa watoto wamepima vizuri. Ni mimi niliweka maji. Andika hivyo, andika ni mimi."

"Unajua unachofanya?" Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama. "Watasema tumechezea mtihani. Watafuta matokeo ya shule nzima! Shule nzima, Mzee, kwa sababu ya swali moja!"

"Swali moja ndiyo watu wengine wako nayo, Mwalimu."

Msimamizi akavua miwani akaifuta, akasema wapime tena kwa dawa ileile iliyobaki, mbele yake. Walipima. Ilikuwa imefika ishirini na saba na kupita. Akaandika vipimo vyote viwili na saa zake, akaandika ripoti, akampa Mzee atie sahihi. Alitia kwa herufi kubwa, taratibu, kama mtu anayeandika jina lake juu ya gunia.

Na sasa niseme lile ambalo sipendi kulisema. Alipotoka mlangoni akaniona pale kibarazani, akasimama, akasema, "Mukhana." Nilimpa kisogo. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, kwamba matokeo ya shule nzima yatafutwa, na nilimchukia. Nilimchukia kwa kuharibu maji, na nikamchukia zaidi kwa kusema. Nilisikia viatu vyake vikingoja, kisha vikaenda.

Ijumaa hiyo Mwalimu Mkuu alimnyang'anya ufunguo wa lebu mstarini mbele ya shule nzima. Mzee alilikunja koti lake, akalitia kwapani, akapita katikati yetu. Wiki iliyofuata tukasikia amehamia Matete, kwa watu wa mke wake.

Matokeo yalitoka Machi. Hayakufutwa. Kemia nilipata C na alama ya kujumlisha. Nilipiga ukelele pale ofisini hadi karani akafunga dirisha, nikakimbia nyumbani, mama akanikuta nimelala kifudifudi uani nacheka.

Nilimfikiria Mzee siku ile, sitasema uongo. Nikasema wiki ijayo nitaenda Matete. Wiki ijayo kulikuwa na usaili wa chuo. Halafu chuo chenyewe, miaka mitatu na zaidi ya kuamshwa usiku na kukemewa mchana, halafu kazi. Kila mwaka ulivyopita ndivyo safari ile ilivyozidi kuwa ngumu, kwa maana ningekwenda na kisogo changu. Nikajiambia lazima mtu amempelekea habari. Tulikuwa kumi na tisa, haiwezekani wote tusiende.

Mwaka wa tisini na tisa, kampeni ya chanjo ikanipeleka Matete. Tulikuwa mimi muuguzi, dereva, na sanduku la barafu la kubebea chanjo. Soko lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimejitwika sanduku begani nikitoka kwenye gari, sijavaa hata sare yangu nyeupe, nilipomwona upande wa pili wa maduka ameshika debe la mahindi. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Macho yetu yakakutana. Akageuka haraka akaingia kichochoro kati ya duka la nguo na posho mili ya kusagia mahindi.

Nilimwachia dereva sanduku nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba moja ya mabati, amesimama karibu na ukuta, hana pa kwenda.

"Mulembe, Mzee."

Hakuitikia salamu. "Mukhana," akasema, "nilikuharibia. Nilisemanga na Mungu kila siku. Nilikuharibia wewe na wenzako."

"Mzee, hapana—"

"Nimekuona unabeba sanduku ya chanjo. Si mbaya. Kazi ni kazi, wanakulipanga pesa kila siku ama kwa wiki? Si mbaya." Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Lakini wewe ulikuwa unataka kudunga, si kubeba. Mimi najua."

Nilielewa kwamba hakujua. Miaka sita alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka shuleni, na katika watu kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyekuja kumwambia.

"Mzee, mimi ni muuguzi. Ni mimi ninayedunga."

Alinitazama usoni, akinitafuta kama ninamdanganya ili kumfariji.

"Na maji?"

"Maji walikubali. Ripoti yako walisoma. Walikubali kila kipimo kilichokuwa kati ya vile viwili vya ripoti. Kemia nilipita, Mzee. Tulipita watu kumi na mmoja, na walioanguka hawakuangushwa na maji."

Debe lilimtoka mkononi. Mahindi yakamwagika miguuni petu, na hakuna aliyeinama. "Ulijua lini?" akauliza.

"Machi. Mwaka uliofuata."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mkono mmoja, kisha akaanza wa pili. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aligeuka akaita kwa nguvu ndani ya ile nyumba, kumbe ni kwake, na mwanamke mzee akatoka, kiunoni kitenge chenye maua kama viraka vya lile koti, mikono imejaa unga.

"Njoo usikie huyu," Mzee akamwambia. "Huyu ni yule wa bureti. Sema."

Nikasema yote. Mama yule alisikiliza bila kufuta mikono. Nilipomaliza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Huyu mzee haimbi kanisani miaka sita," akasema. "Akipita mtoto wa shule anaingia ndani. Wewe ulijua, na hukuja. Mguu wako ulikuwa umevunjika?"

Nilisema, "Hapana, mama."

"Mwache," Mzee akasema. Alikuwa ameegemea ukuta wa mabati, macho yamefumba, machozi yanashuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta. Upande wa barabara dereva alikuwa anapiga honi, na akina mama na watoto wao walikuwa wameanza kupanga foleni. "Mwache kwanza. Mukhana, sema tena. Ile ya maji."

Nikaanza tena kutoka mwanzo.